Tangi Kubwa Kuliko Chumba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya ujenzi pale Newala, Mhandisi wa Wilaya alinionyesha meza ya kuchorea akasema, "Wewe ni mnakili. Utapitisha wino juu ya mistari waliyochora wengine." Nilinakili ramani miaka kumi na miwili, na mkono wangu ulisifiwa.

Ndipo ikaja ramani ya zahanati ya Mkunya, kwetu. Paa halikuwa na mifereji ya kukinga mvua. Nikampelekea Mhandisi mpya, aliyekuwa amehamia mwaka ule.

"Mzee, maji ya paa hili yatapotea yote."

Akaitazama. "Kweli, Mama Rehema. Mbona hukusomea usanifu majengo?"

"Niliishia kidato cha nne."

"Basi anzia mwaka wa msingi."

Mwaka wa msingi huwaandaa wasio na sifa za kuingia shahada moja kwa moja: hisabati, fizikia, uchoraji. Nikamwachia mama wanangu, nikaenda Dar es Salaam. Nilipoingia darasani vijana wakasimama: "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba, kisha nikapita kukaa nyuma yao.

Jaribio la kwanza la hisabati nilianguka, nikaanza kufunga mizigo. Mwalimu wa hisabati, aliyelingana na mdogo wangu wa mwisho, akaniita. "Mama, hebu nichoree kenchi." Kenchi ni mbao za pembetatu zinazobeba paa. Nikachora. "Hesabu zilizokuangusha ni hizi hizi," akasema. Jaribio la pili nilikuwa wa tatu.

Shahada yenyewe ilichukua miaka mitano. Mwaka wa mwisho nilisanifu nyumba ya wajawazito wanaosubiri kujifungua, Kitangari. Nikatundika mchoro wa mkato, yaani jengo linavyoonekana likipasuliwa kati kama papai, mbele ya jopo la wakaguzi.

"Tangi hili ni kubwa kuliko chumba cha kulala," akasema Mkuu wa Idara. "Umekosea vipimo?"

"Sijakosea. Kwetu maji hufuatwa bondeni, na mjamzito hupanda nayo kichwani. Chumba mtu ataazima kwa jirani. Maji, jirani naye hana."

Mkuu wa Idara akaandika kitu. "Endelea," akasema. Nilifaulu.

Nilirudi Newala nikiwa Msanifu Majengo, na nyumba ile ikajengwa. Kiangazi cha kwanza mkunga alinipigia simu. "Mama Rehema, mwezi wa kumi huu, na bado tunachota."

Nilichora michoro mingi baada ya hapo, na mingine ilikataliwa. Ninyi mnaoambiwa sifa hazitoshi, mwaka wa msingi msiuonee aibu. Mimi niliingia nikiwa na mvi mbili.

Nilipostaafu wenzangu waliniaga kwa mabati. Nikajichorea nyumba, na sijapata mteja msumbufu kama mimi mwenyewe: nilifuta mara nne. Fundi alipoikunjua ramani akauliza aliyeichora ni nani, ili akikwama ajue pa kuuliza.

"Uliza hapa hapa," nikamwambia.