Fundi Aliyekikimbia Kikombe cha Tatu

Saa tatu asubuhi, ghorofa ya tatu ya jengo jipya mtaani Saris, Addis Ababa, Yeshimebet Worku amepiga magoti katikati ya sebule tupu na anagonga sakafu kwa sarafu. Ko. Ko. Ko. Anasogea marumaru moja mbele, anainamisha sikio, anagonga tena. Sebule hii ameshaigonga yote jana. Juzi pia.

"Marumaru iliyolala vizuri inajibu kwa sauti nzito," anasema bila kuinua kichwa. "Ikilia kama debe, ujue chini kuna hewa. Siku mtu akiiangushia mchi wa kahawa, imekwisha."

Mlangoni anapita Dubale, mpiga plasta, na ndoo yake begani.

"We dada, utaitoboa hiyo! Sakafu imesema imepona, wewe bado unaipima homa!"

"Kaangalie kuta zako kwanza. Zimeota vitambi."

Dubale anaondoka akicheka. Yeshimebet hacheki. Anasimama, anachungulia dirishani, anarudi, anafuta doa ambalo mimi silioni. Nimemwomba aketi tuzungumze kwa ajili ya makala haya, akaketi, na kabla sijafungua kalamu alikuwa ameshainuka.

Ana sababu. Leo mwenye jengo, Ato, yaani Bwana, Bekure Shiferaw, anakuja kuikagua sebule hii moja ya majaribio. Ikimridhisha, Yeshimebet atapewa sakafu za nyumba zote zilizobaki humu, yeye mwenyewe akiwa fundi mkuu. Isipomridhisha anarudi alikotoka, kuwabebea mafundi wengine saruji kwa birr mia nne kwa siku.

Kazi hiyo ya kubeba ameifanya tangu ujana wake. Sasa ana miaka thelathini na tisa na watoto wawili, na ufundi hakufundishwa na mtu. Aliuiba kwa macho.

"Walidhani nimesimama pale nasubiri ndoo iishe," anasema. "Kumbe nilikuwa natazama mikono yao."

Bekure anamjua vizuri, na hapo ndipo penye shida. Mwaka mpya uliopita alimpa kazi ya kuweka sakafu ya sebule ya mama yake mzazi, Emama Askale, nyuma tu ya jengo hili. Ilikuwa sakafu ya kwanza ambayo Yeshimebet aliiweka kwa mkono wake tangu mwanzo hadi mwisho. Mtaa mzima unajua ilivyokwisha.

Bekure alitaka marumaru nyeupe, zenye kung'aa kama za hoteli. Yeshimebet hakubishana naye dukani. Aliomba moja, akaiweka chini, akaimwagia maji, akamwambia tajiri avue viatu apite. Tajiri nusura avunjike kiuno.

"Sasa mweke mama yako hapo, na majani mabichi ya sikukuu yametandazwa," Yeshimebet akamwambia.

Wakanunua zenye uso mkavu, usioteleza. Maboksi alitaka yote yawe ya mkupuo mmoja kutoka kiwandani, na bado alizipanga uani juani kuhakikisha rangi haitofautiani. Jambo moja tu alishindwa. Bekure aling'ang'ania kwamba grauti, ile saruji laini ya kuziba mianya, iwe nyeupe kama shamma, lile shuka la kujifunika kanisani. Akakubali, na anajuta hadi leo.

Alimaliza kuziba mianya mkesha wa mwaka mpya, mchana. Akafunga mlango wa sebule, akamsihi kila aliyekuwepo: asikanyage mtu mpaka kesho. Akaenda kwake kupika kuku wa sikukuu.

"Nilikuwa nakata vitunguu, moyo uko Saris," anasema. "Nikamwambia mume wangu, kitu kinaniwasha miguuni. Nikaacha sufuria nikatoka."

Alipofika getini, jua bado liko juu, alisikia vicheko. Halafu akasikia harufu ya majani.

Hebu niambieni, nani Addis huingiza mwaka mpya bila kutandaza majani mabichi sakafuni? Hata mgonjwa huomba atandaziwe. Emama Askale alikuwa amekaa wiki nzima bila kunywa kahawa sebuleni kwake, na mkesha umefika, na majirani wanabisha hodi. Alifanya ambacho mama yeyote wa kwetu angefanya. Alifungua mlango, akatandaza majani yaliyotoka kukatwa, yanachuruzika maji, akawasha jiko la mkaa, akaita watu. Na viatu wote walivua nje, eti kwa kuiheshimu sakafu mpya!

"Karibu, mwanangu!" mama akamlaki. "Njoo uone. Sakafu yako tumeivalisha."

Yeshimebet aliona utomvu wa majani ukizama kwenye grauti ambayo haijakauka. Lakini kahawa ya kwetu ni vikombe vitatu. Cha kwanza ni cha kuonja, cha pili cha mazungumzo, cha tatu tunakiita baraka, na mgeni hainuki kabla yake. Alikunywa cha kwanza kikamuunguza ulimi. Akanywa cha pili akihesabu mianya. Maji ya cha tatu yalipokuwa yakichemka, uvumilivu ukamwishia. Alinyakua ufagio na kuanza kufagia majani kutoka chini ya miguu ya majirani walioketi.

Mtaani Saris hakuna aliyewahi kuona kitu cha namna hiyo.

"Umefagia mwaka wangu mpya," Emama Askale alimwambia, taratibu, mbele ya watu wote. "Na baraka umeikimbia."

Ukijani haukutoka. Alisugua kwa brashi na sabuni mpaka vidole vikachubuka. Asidi alikataa kutumia, maana inaila grauti na kuacha mashimo. Bekure alikuja, akatazama, akakunja uso. Kilichomwokoa Yeshimebet ni kwamba hakuna marumaru hata moja iliyolia kama debe, na kwamba weupe ule ulikuwa amri ya tajiri mwenyewe.

"Nitakujaribu na sebule moja," Bekure alisema. "Moja tu."

Ndiyo hii. Safari hii grauti ni ya rangi ya machicha ya kahawa, imekauka siku za kutosha, ikapakwa dawa ya kuzuia maji. Na katika pembe ya karibu na jikoni ametandika jiwe nene la mraba, lisiloogopa moto.

"Mahali pa kahawa," anasema, akilipapasa. "Mama atakaa hapa, jiko litakaa hapa. Vita vimekwisha."

Saa tano hivi tunasikia miguu kwenye ngazi. Bekure anaingia na suti yake, amebeba jiko la mkaa kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani. Nyuma yake, akihema, yupo Emama Askale na fungu la majani kwapani.

Yeshimebet anabadilika rangi.

"Mimi kugonga sijui," Bekure anasema. "Nimemleta anayejua kuharibu."

"Nani anaharibu, wewe?" mama anamfokea. "Ndiyo adabu niliyokufunza? Weka jiko chini, washa moto."

Majani yanatandazwa. Yeshimebet anamshika mama mkono kwa heshima na kumpeleka kwenye pembe yake.

"Emama, tumekutengenezea mahali pako. Hapa."

Bikizee anaitazama pembe. Anautazama ukuta ulio mbele yake.

"Hapa? Nitazamane na ukuta? Nimemkosea nani?"

"Emama, jiwe hili haliungui..."

"Basi likae lenyewe." Na anakwenda zake dirishani. "Hapa namwona anayepita barabarani, na anayepita ananiona. Kahawa ni ya kuitia watu, mwanangu, siyo ya kujificha."

Jiko linatua juu ya marumaru za kawaida. Yeshimebet ananitazama mimi kana kwamba naweza kufanya lolote.

Kahawa inakaangwa, inatwangwa, inapikwa. Tunakunywa cha kwanza. Yeshimebet hana macho ya kikombe, ana macho ya majani. Tunakunywa cha pili. Dubale amekuja kusimama mlangoni, kapewa kikombe naye. Mama anarudisha birika la udongo juu ya jiko kwa ajili ya cha tatu, anageuka kumwita mtu anayepita chini barabarani, na kahawa inafurika, inamwagika, inachuruzika miguu ya jiko hadi kwenye marumaru iliyopata moto.

Ta!

Wote tumeisikia. Yeshimebet anasogeza majani kwa kiganja. Ufa mwembamba kama unywele, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Nilijiona nimeshika ndoo," ataniambia baadaye. "Nilijiona nimesimama pale pale, nasubiri iishe."

Anainuka. Mkono wake umeshafika kwenye ufagio.

"Keti," anasema Emama Askale. "Cha tatu bado."

Yeshimebet anauacha ufagio, anarudi, anaketi sakafuni kando ya ufa wake, na kungoja maji yachemke. Anapokea kikombe kwa mikono miwili. Anakinywa chote.

"Sasa sema," mama anamwambia.

"Ato Bekure," anasema Yeshimebet, "Emama hana kosa. Pembe niliiweka nilipotaka mimi. Hii iliyopasuka nitaing'oa kesho. Lakini nyumba nyingine ukinipa, sitaweka hata moja kabla sijauliza."

Emama Askale ndiye anayechukua ufagio safari hii, anasukuma majani pembeni. Mianya ni ile ile, rangi ya machicha, haina kijani. Bekure anainama, anapapasa, anakwenda dirishani, anarudi. Kisha anatoa mfukoni shada la funguo, anachomoa mmoja.

"Nyumba ya pili," anasema. "Moja moja. Ukikosea, tunaishia hapo hapo."

"Nilitaka shada zima," Yeshimebet ananinong'oneza tukishuka ngazi, akiuminya ufunguo ule kama utamtoroka. "Lakini nyumba zote nitazifungua. Utaona."

Asubuhi ya pili yake namkuta nyumba ya pili. Maboksi ya marumaru hayajafunguliwa, uzi wa kunyooshea mistari haujavutwa. Yupo na mama mmoja mnene atakayehamia humo, aitwaye Etagegn, ambaye anataka kujua kuhusu rangi, kuhusu sabuni ya kupigia deki, na kama ni kweli kwamba nyeupe ndiyo ya kisasa.

"Rangi baadaye," anamkatiza. "Kwanza nioneshe, mama. Kahawa unapikia wapi?"

"Wapi? Si popote."

"Zunguka. Kisha keti pale roho inapopenda."

Mama Etagegn anacheka, anaizunguka sebule tupu, anasita dirishani, anapapita, anakwenda hadi karibu na mlango. Anajitandika chini, anakunja gauni, anatulia.

Yeshimebet anapiga magoti na kumchorea duara kwa chaki.