Nimefukuzwa kwenye matanga ya baba

Leo nimefukuzwa kwenye matanga ya baba yangu mzazi.

Asubuhi, nyumbani Iyula, baba mdogo katangaza ukoo mzima uende kwa mganga, akatutajie aliyemuua baba.
Macho yote yakamgeukia shangazi. Mjane, hana hata mtoto.

Nikasema, "Siendi, baba mdogo. Mungu hapendi."

"Kumbe na wewe ni mchawi mwenzake!"

Hayo wala hayakuniuma, jamani.
Nilimtazama mama. Si ndiye aliyenifundisha kusali?

Mama kaingia ndani, katoka na begi langu, kaniwekea miguuni.

Shangazi ndiye aliyenibebea hadi barabarani.
Kisha akarudi kulekule, peke yake.

Mnaosali, mwombeeni yeye. Mimi nimeshapanda gari.