Sanduku Chini ya Kitanda

Jumatatu ya mwisho ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa na majani ya chai yakiwa yamelowa tangu alfajiri, dada yangu Moraa aliishiwa na pumzi. Nikikumbuka likizo ile, kinachonijia kwanza ni harufu: nyasi kavu kwenye gunia, mkojo wa wanyama wadogo, na moshi wa kuni mbichi uliopenya kutoka jikoni hadi chumba tulicholala. Nyumba yetu ilikuwa Ikonge, mteremkoni, michai ikifika karibu na mlango, kwa kuwa shamba la babu lilikuwa limegawanywa na kugawanywa tena, na sehemu ya baba ilikuwa ndogo. Kwetu hata mahali pa kuweka jembe palibishaniwa.

Moraa alinizidi kidogo tu kwa umri, na tulilala kitanda kimoja. Alikuwa na ugonjwa wa kifua tangu uchanga wake. Baridi ikianza, alipumua kama birika linalokaribia kuchemka, na mama alikaa kando yake akimsugua mgongo. Dawa za zahanati zilimsaidia kidogo, kisha hali ikarudi palepale. Ndipo mwanamke mmoja aliyeuza ndizi pamoja na mama soko la Nyakoe akamwambia atafute simbilisi, wale wanyama wasio na mkia, wadogo kuliko sungura, ambao sisi watoto tuliwaita ginipigi. Walale karibu na kichwa cha mtoto, alisema, nao watauvuta ugonjwa uwaingie wao. Wengi waliamini hivyo. Mama akarudi nao kikapuni, akawatia kwenye sanduku la mbao lililokuwa la sabuni, akafunga wavu juu, akalisukuma chini ya kitanda chetu, upande wa mto wa Moraa.

Sanduku lilikuwa dogo. Walilala wakiwa wamebanana, na aliyetaka kunywa maji alipanda migongo ya wenzake. Yule mnene Moraa alimwita Chifu, kwa sababu alikaa katikati na wengine wakampisha. Wa kwanza alipokufa, mama alimwinua kwa mguu, akamtazama kwa shukrani. "Umeona? Amekibeba kifua chako," alimwambia Moraa. "Bado kidogo tu, mama, utapona." Wa pili alipokufa Moraa alikataa uji, akageukia ukuta. Nami nikamcheka: "Unalilia panya?"

"Si panya. Na hawafi kwa sababu yangu," alisema. "Wanakufa kwa kukosa nafasi. Wewe unalala ukijinyoosha. Wao hata kugeuka ni kwa zamu."

Jioni ile alimwomba baba awapanulie sanduku. Mama alikuwa akimenya viazi, kisu kikasimama mkononi. "Wakikaa vizuri, hicho kifua kitaenda wapi?" aliuliza. "Kitabaki kwa mtoto." Hakusema kwa ukali. Alikuwa na hofu, na hata mimi niliisikia. Baba alivuta stuli, akakaa. Moraa alisimama mbele yake akihema, akimsubiri.

"Mama Moraa," baba akasema mwishowe, "wacha hawa viumbe nao wapumue. Mtoto ameomba kitu kimoja."

Asubuhi alitoa mbao mbili alizokuwa ameweka kwa ajili ya mlango wa choo, akang'oa ubao wa mwisho wa sanduku, akaliongezea urefu hadi likafika upande wa miguu ya kitanda. Alitandika nyasi kavu nyingi, akawawekea na kigae cha maji kila upande. Moraa alilala kifudifudi sakafuni, akachungulia. Simbilisi walibaki wamekusanyika kule walikozoea, kana kwamba ubao ungali pale. "Chifu, nenda bwana, shamba ni lako!" alimwambia, tukacheka mpaka akakohoa. Ilipofika saa sita Chifu alitoa pua, akarudi, akatoa tena, kisha akakimbia mpaka mwisho na wengine wakamfuata. Sikuwahi kumwona dada yangu akifurahi kama siku ile.

Baada ya hapo hakufa hata mmoja. Walizaa. Moraa ndiye aliyedhoofika. Kila asubuhi mama aliinama, akaangalia sandukuni, akawakuta wazima, akainuka. Jumatatu ile baba alimbeba Moraa mgongoni kuelekea barabarani kutafuta gari la kwenda hospitali. Walirudi kabla ya kufika barabarani.

Baada ya mazishi mama alisema mara moja tu, akiwa amempa baba mgongo: "Lilipanuliwa." Simbilisi waligawiwa watoto wa jirani, na sanduku likapasuliwa kuni. Majirani walianza kumwita mama kwa jina langu, Mama Kemunto, ili wasimkumbushe. Baba peke yake aliendelea kumwita Mama Moraa, na yeye akaendelea kuitika, maisha yao yote. Sikuwahi kuwasikia wakiongea zaidi juu ya jambo lile.

Baba tulimzika mwaka huu, kando ya kaburi la Moraa, pale pembeni mwa michai. Binti yangu, niliyempa jina la dada yangu kama desturi yetu ilivyo, naye ana kifua. Tofauti ni kwamba yeye ana kile kichupa cha kupuliza dawa mdomoni, na baada ya dakika chache anarudi kucheza. Juzi alipuliza akiwa kwa bibi yake. Mama alikichukua, akakigeuzageuza, akaniuliza daktari alisema kifua kinaletwa na nini. Nikamwambia: baridi, moshi, vumbi la nyasi kavu, manyoya ya wanyama.

"Manyoya," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo si baba yenu na mbao zake."

"Si yeye."

Alikiweka kichupa mapajani. Niliogopa swali lililobaki, la nani aliyewaleta wale wanyama, kwa sababu nisingeweza kumdanganya. Hakuliuliza. Aliangalia kule makaburini, kisha akasogea kwenye benchi, akaniachia nafasi, nikaketi.