Kaniki Chini ya Kitanda cha Nyanya

Sisi tuliokulia Likoni, nyumba zikiwa za makuti, tulikunywa chai na unga wa miti uliodondoka kutoka darini. Tukiukuta sakafuni, tuliupeleka kwa Nyanya akausage kwa vidole. Ukiwa laini kama poda ya mtoto, huyo ni dumuzi, mdudu atoboaye mti mkavu. Ukiwa wa chengachenga kama sukari, ni mchwa. Wallahi, tulijua kusoma unga kabla ya kusoma alifu.

Akishuku kitu, Nyanya alitandika kaniki, nguo yake nyeusi, chini ya kitu hicho. Asubuhi kaniki ikiwa na unga, mdudu yuko kazini. Ikiwa safi, yale ni matundu tu, mwenyewe kashahama.

Kisha baba akajenga, na fundi alikuwa Rajabu. Namtaja kwa jina kwa kuwa hakuna aliyewahi kumtaja. Desturi yetu, boriti za mikoko huchunwa magome, zikafukiwa zilowe kwenye tope la bahari hadi zinuke, mdudu asizile. Rajabu alizileta na magome yake.

"Mwanangu, hizi umeziloweka?" Nyanya akamuuliza.

"Ah, Nyanya! Uzee huo, hata mdudu wa kijiti wamuogopa!"

Mafundi wakacheka. Baba alitaka kula Idi katika nyumba mpya, akaacha zipandishwe hivyo hivyo. Namtaja naye, Mungu amrehemu.

Boriti zikaliwa ndani kwa ndani. Masika yalipokuja, makuti yakalowa maji, paa likashuka asubuhi kweupe. Mimi na dada yangu Saumu tulikuwa chini ya kitanda cha Nyanya, tunachezea unga tuliouzoa sakafuni, juu ya kaniki. Kitanda kile cha mvule kililipokea paa zima, hakikupinda. Mguu wangu wa kushoto tu ndio uliokuwa nje, na hadi leo nachechemea. Rajabu alisema ni mvua. Hata pole hakuja kunipa.

Sasa binti yangu Zuhura aolewa, nami sina cha kumpa kinachopita kitanda hicho. Zuhura akaona matundu ubavuni mwa kitanda.

"Mama, wanioza mimi au waoza wadudu?"

Shangazi zake wakasema kichomwe moto. Vijana wa leo! Hununua vitanda vya mbao za kugandishwa kwa gundi, vikimwagikiwa chai huvimba kama maandazi. Zuhura akatoa simu aulize ni mdudu gani.

"Simu ina pua?" nikamwambia. Nikampa kaniki ya Nyanya aitandike chini ya kitanda, nikamfunza kusoma unga, lakini moyo wangu haukutulia. Kitanda kile kikichomwa, ni nani tena atakayejua kilichoniokoa?

Asubuhi nikasikia, "Mama! Njoo!"

Nikachechemea hadi chumbani. Alikuwa amelala chali chini ya kitanda, unga umemjaa nyweleni, auchezea kwa vidole.

"Laini. Dumuzi. Lakini watoka mfumbati huu mmoja tu, huu ubao wa ubavuni. Matendegu, hii miguu yake, hayana kitu, mama. Tubadilishe ubao, basi."

Fundi akaja na ubao mpya begani. Kabla hajautua, Zuhura akasimama mlangoni: "Kaka, huo umeulowekea wapi?"

Fundi akageuka nao, akarudi alikotoka kutafuta uliolowekwa.

Zamani swali hilo liliulizwa na bibi kizee, wakacheka. Leo limeulizwa na bibi harusi, na hakuna aliyecheka. Kaniki nimeikunja, nimeitia sandukuni mwa Zuhura.