Mwaka wa Nne na Posa ya Kaka

Kaka yangu hasikii. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kwetu Kasokola walikuwa na neno lao, bubu, ambalo limenigombanisha na nusu ya kata. Si bubu. Ana sauti kubwa kuliko yangu, na akicheka kuku wanakimbia. Homa ilimpata akiwa mdogo, hajajua bado kusema mengi, ikaondoka na masikio yake. Mimi nilizaliwa baada ya hapo, kwa hiyo sijawahi kumjua akiwa mtu mwingine.

Lugha tulijitungia wenyewe kwa mikono. Mama alikuwa ni kufunga khanga kifuani. Baba alikuwa ni kuzungusha kitufe cha redio, na anayemjua baba haulizi kwa nini. Mwaka ulikuwa mvua: vidole vinashuka kutoka juu vikitikisika, na mvua mbili ni miaka miwili. Mimi nilikuwa vidole vinavyofunguka na kufumba mbele ya midomo. Mdomo. Tangu nianze kusema sijanyamaza, na jina lilinikaa.

Tena nilikuwa mdomo wake kweli. Dukani, zahanati, kanisani kwenye mafundisho, mimi ndiye niliyesimama kando yake na kusema, "Anauliza hivi, anataka vile." Nikitia chumvi, aliona kwenye nyuso za watu, akanikanyaga mguu. Shuleni alikaa dawati la nyuma akitazama midomo ya walimu mpaka akachoka, akaacha. Akaenda mjini, Majengo, kujifunza ufundi wa pikipiki. Mafundi wengine wanasikiliza injini, yeye anaiwekea kiganja. Bodaboda wanampenda, na wanatania kwamba ni fundi pekee Mpanda ambaye ukimlalamikia bei hakasiriki.

Pale kijiweni ndipo alipompata msichana. Alikuwa akiuza chai na chapati kwenye kibanda cha shangazi yake, upande wa pili wa barabara. Kwao ni Mpimbwe, wakulima wa mpunga, Wakatoliki wa kusali rozari kila jioni hata kama kuna wageni. Mimi nilijua nilipokuja likizo kutoka chuo nikamkuta kaka amenyoa ndevu siku ya kazi na kucha zake hazina oili hata chembe.

"We!" nikamwonyesha kucha zake. "Nani?"

Akajifanya anatafuta spana. Nilimtania mpaka akasalimu amri, akaniambia kwa mikono: nitamwoa, na wewe utaniongelea.

Baba wa msichana hakukataa. Alituma neno kupitia shangazi kwamba mshenga aje kama desturi, lakini kijana naye aje, ajibu maswali mwenyewe. "Siozi binti kwa mtu ambaye sijui anawaza nini," ndivyo alivyosema, na mimi niliona ana haki. Ikapangwa Agosti, mpunga ukishaingia ghalani. Kufikia hapo mimi ningekuwa nimemaliza mwaka wa tatu wa ualimu, ningekaa mkekani kando ya kaka, na maneno yake yangetokea kinywani kwangu. Mtu mwingine hakuwepo. Mama alijua ishara za shambani na jikoni: njoo, kula, funga ng'ombe. Baba alijua chache kuliko hizo. Posa utaiendesha vipi kwa njoo na kula?

Haraka nayo ilikuwepo. Kule Mpimbwe kulikuwa na mwanamume mwenye pawatila mbili, zile trekta ndogo za kusukuma kwa mikono, ambaye alishaanza kumsalimia yule mzee mara nyingi kuliko kawaida.

Sasa, muhula wangu wa mwisho, likabandikwa tangazo. Ufadhili wa mwaka mmoja wa ziada kwa wanafunzi wa ualimu wanaomaliza: ada, chakula, malazi, vyote vimelipiwa, kusomea elimu ya watoto viziwi na lugha ya alama. Nililisoma nikiwa nimesimama, nikalisoma tena. Mkopo wangu ulikuwa unaishia mwaka wa tatu na kwetu hakuna ambaye angeweza kunilipia hata mwezi. Nikaomba. Nikapata. Nilikaa kwenye ngazi za maktaba nikilia na kucheka kwa pamoja, watu wakinipita kwa mbali kidogo. Nilikuwa namwaza kaka kwenye lile dawati la nyuma.

Nilipofuta macho ndipo nikasoma sehemu ya chini ya barua. Mafunzo yanaanza Julai kwa kambi ya miezi mitatu ya lugha ya alama. Hakuna ruhusa. Atakayetoka, nafasi yake anapewa mwingine.

Nikaenda ofisini kuomba ruhusa ya siku chache za posa. Mama aliyekuwa akishughulikia mambo yetu alikuwa mpole, akaniuliza ni posa yangu?

"Ya kaka."

"Sasa mwanangu, kaka si ndiye anayeoa?"

Nilimweleza yote, mpaka habari za pawatila. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema wapo wanaoingoja nafasi hiyo nje ya mlango. Na kweli nilipotoka niliwakuta.

Nyumbani nilianza na baba, kwa simu.

"Mwaka wa nne? Umefeli?"

"Sijafeli, baba. Nimefaulu, ndiyo maana wamenipa."

"Aliyefaulu anarudi nyumbani."

Kabla ya Jumapili Kasokola nzima ilishajua kwamba nimedisco, nimefukuzwa chuo kwa kufeli. Mjomba mmoja alinipigia kunipa pole, nikamjibu maneno yaliyomfanya mama aniambie nimwombe radhi, na radhi yenyewe sijaiomba mpaka leo.

Kaka nilimpigia kwa video. Alikuwa gereji, amekaa kwenye benchi lake. Nikamshushia mvua moja. Nikamwomba: ngoja mvua moja, kisha tutakwenda.

Alinitazama. Akaonyesha pawatila, mikono imeshika usukani, mwili mzima unatikisika. Yule hatangoja, akasema.

Nikamwambia ni kwa ajili yako. Nasoma kwa ajili ya watu kama wewe.

Akajigusa kifua, mimi? Akaonyesha kimo cha mtoto. Hao ni watoto, akasema. Mimi ni mtu mzima, nataka mke. Halafu akaigeuza simu, akailaza kifudifudi juu ya benchi. Kioo kikawa cheusi. Nilikuwa nasikia nyundo ya fundi mwenzake, honi, kicheko cha mtu, na mimi nimeshika simu napunga mkono kama mwehu kwa mtu asiyeniona wala kunisikia.

Nilibaki chuoni. Roho iliniuma, sisemi uongo, iliniuma kila asubuhi. Darasani mwalimu wetu naye hakuwa anasikia, na mikono yake ilikwenda kasi mpaka nikawa natoka na maumivu ya kichwa. Kila alama aliyotufundisha niliijaribu moyoni kwa kaka: hii ni "kuoa", hii ni "subiri", hii ni "samahani". Hakuna hata moja iliyofanana na zetu. Kaka hakupokea simu zangu. Nilijihesabia kwamba nimemkosesha mke, na nikazoea kula bila kujua ninachokula.

Agosti, mama akanipigia. Alianza kucheka kabla ya salamu.

"Tumetoka Mpimbwe," akasema. "Mwanangu, aibu niliyoiona! Na raha!"

Walikuwa wamekwenda bila mimi: kaka, baba, mama, na baba mkubwa ambaye ndiye alikuwa mshenga. Wakakaa. Barua ya posa ikasomwa. Yule mzee akamgeukia kaka, akamuuliza shambani kwenu mnalima nini. Kaka akamtazama mama, mama akamtazama baba, baba akatazama mkeka. Basi. Ndipo pazia la chumba cha ndani likafunguka na binti akatoka, yeye mwenyewe, anayeposwa, ambaye kwa desturi hapaswi kuonekana mpaka aitwe. Akapiga magoti pembeni ya baba yake, akamtafsiria kaka swali kwa mikono, akasubiri, akasema kwa adabu, "Anasema mahindi na karanga, na mwaka huu mahindi yameliwa na tumbili."

"Mikono yetu ile ile?" nikamuuliza mama.

"Ile ile. Na mingine siijui. Kumbe muda wote ule kwenye chai walikuwa wanafundishana."

Shangazi zake walishika vichwa. Yule mzee naye aliduwaa, kisha akauliza lingine, na lingine, akafika kwenye lile la kwa nini unamtaka binti yangu. Kaka akajibu kwa kirefu. Binti akainamisha uso. Akaambiwa sema. Akasema kwa sauti ya chini, "Anasema mimi ni mzuri, na kwamba siku ya kwanza watu wote walimpigia kelele kumwita, ila mimi nilimgusa bega."

"Nitajuaje kama hujiongezei?" mzee akauliza. Watu wakaangua kicheko, lakini yeye hakucheka. Akafikiri, akasema, "Mwambie kuna jembe nyuma ya ghala, lenye mpini uliofungwa mpira mwekundu. Si yale mengine. Aniletee."

Mikono ikaenda, haikuchukua muda. Kaka akainuka, akatoka. Mama anasema yeye alianza kusali. Kaka akarudi na jembe lenye mpira mwekundu, amekunja uso anauchunguza mpini, na kwa mikono akamwambia binti kitu.

"Anasema nini?"

"Anasema huu mpini umeoza, baba. Anauliza kama una msumeno akuchongee mwingine."

Yule mzee akachukua jembe lake, akalilaza miguuni. "Haya," akasema. "Kaeni tule."

Nilikata simu nikarukaruka mle chumbani mpaka wenzangu wakadhani nimeokoka. Nilifurahi, Mungu ananiona. Halafu nikakaa kitandani na furaha yangu, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachochoma. Posa imepita bila mdomo.

Baada ya hapo kaka alianza kupokea simu zangu. Kila Jumapili baada ya misa yeye na mchumba wake waliiegemeza simu kwenye chupa ya chai, tukaongea watatu. Harusi nayo niliiona hivyo hivyo, nikiwa katikati ya mitihani, simu imeegemezwa kwenye kreti la soda. Niliona viatu vingi vikicheza na bwana harusi kwa mbali.

Mwaka ulipoisha nilirudi na cheti changu. Kutoka stendi ya Mpanda nilichukua bajaji hadi chumba walichopanga Majengo, sijabadilisha hata nguo. Wifi yangu alinipokea mzigo, kaka akanibeba juu kama gunia. Kabla hata ya kunawa nikaanza kumwonyesha alama nilizojifunza: hii ni mama, hii ni shule, tazama, viziwi wa nchi nzima wanaelewana hivi. Alinitazama kwa upole kama anavyowatazama wateja wanaomfundisha kufungua boliti. Akamgeukia mkewe, mikono yao ikakimbia, wakacheka wote wawili.

Na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nikamuuliza mtu, "Anasema nini?"

"Anasema mikono yako imesoma mpaka inaongea Kizungu," wifi akajibu. "Lakini umfundishe polepole, anataka."

Wakaendelea. Niliona alama inajirudia: kiganja kilichonyooka, kimesimama mbele ya uso, macho yanakitazama. Sikuwahi kuiona. Kila ikipita walinitupia jicho.

"Hiyo ni nani?"

Wifi akamtazama kaka kwanza. "Ni wewe, wifi."

"Mimi ni hivi," nikamwonyesha vidole mbele ya midomo.

"Hiyo siijui," akasema. "Tangu nikujue wewe ni hivi. Wa kwenye simu."

Machozi yalinitoka mbele ya watu waliokuwa wamenipikia. Nikainua kiganja mbele ya uso wangu, nikamtazama kaka juu yake: ni mimi huyu?

Akanisogelea. Akakishika kile kiganja, akakigeuza, akakilaza kifudifudi juu ya meza, akakibana hapo kwa mkono wake wenye oili. Kisha kwa mkono wa pili akasogeza sahani ya wali wa Mpimbwe mbele yangu, akafungua na kufumba vidole mbele ya midomo yake, akaonyesha sahani. Mdomo, kula.