Rangi ya Maji ya Nili

Kwa siku nne sikupata usingizi wa maana kwa sababu ya swali moja: nikisema sasa kwamba rangi ile niliichagua mimi, watu wataniamini, au wataona nataka kumfichia mwenzangu? Nililigeuza swali hilo kama samaki kikaangoni, na kila upande ukaungua. Nikisema, mwenyekiti ataaibika mbele ya mtaa mzima. Nikichelewa, wataniuliza nilikuwa wapi. Nikinyamaza kabisa, pengine yatapita yenyewe, maana watu wa mpira husahau. Kisha nikakumbuka kwamba watu wa mtaa wetu hawajapata kusahau hata penalti moja.

Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nangoja kupangiwa skuli. Nilikaa kwa shangazi, dada wa baba yangu, aliyenilea tangu mdogo, katika nyumba yake ya Ng'ambo, si mbali na Kikwajuni. Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri na sina kazi, klabu ya mtaa ilinifanya katibu. Jina la klabu silitaji. Wenyewe wanajijua.

Tangu klabu iundwe tulivaa jezi za damu ya mzee, ile rangi nyekundu iliyoiva, kola nyeupe. Na si wachezaji peke yao. Wanawake wa mtaa walikuwa na kundi lao la kushangilia, na kiongozi wao alikuwa shangazi yangu. Kila msimu walichagua kanga moja yenye damu ya mzee ndani yake, wakaivaa sare. Mchezaji wetu akifunga goli, alikimbia mpaka kwenye mikeka yao pembeni ya uwanja, akainamisha shingo, na mmoja wao akamvika kanga. Goli lisilo na kanga, kwetu, lilikuwa kama harusi isiyo na vigelegele.

Sasa sikilizeni ujinga wa mtu aliyesoma. Mechi moja ya jioni, uwanja wa Mnazi Mmoja, wapinzani wetu walivaa kijani kizito. Jua liliposhuka, kijani chao na damu ya mzee yetu vikawa kitu kimoja cheusi, na winga wetu akampasia adui mara mbili. Tukafungwa. Wengine walilaani, wakaenda kuswali Magharibi, yakaisha. Mimi nilianza kufikiri. Nilikusanya vipande vya vitambaa vya rangi mbalimbali, nikavifunga kwenye kamba kiwanjani, na kila jioni, saa ile ile, nikarudi kinyumenyume huku nahesabu hatua, nione rangi ipi itapotea mwisho. Samawati ndiyo iliyoshinda, na manjano ikaifuata. Niliandika kurasa mbili. Niliandika kuhusu mwanga, vumbi, jasho, na namna rangi inavyochuja ikifuliwa kwa maji ya chumvi. Nilimpelekea mwenyekiti, karani mstaafu aliyependa sana mambo mapya. Alisoma nusu ya ukurasa wa kwanza, akasema, "Hii ndiyo faida ya elimu," akaagiza jezi.

Nilifikiri kila kitu isipokuwa kanga za wanawake. Mimi, niliyebebwa mgongoni kwa kanga zile zile.

Jezi zilifunguliwa Jumatatu baada ya Alasiri, barazani kwa klabu. Samawati, kola ya manjano.

"Alaa! Hizi za nani?"

"Si jezi hizi, yakhe. Maji ya nili haya. Mke wangu kila Ijumaa akimaliza kufua huyamwaga mtaroni."

"Na hiyo kola? Kama kasuku katumbukia ndani ya ndoo!"

"Msicheke nyinyi," alisema fundi viatu, mzee wa klabu. "Mimi ndugu yangu kafa ana jezi ya damu ya mzee mwilini. Mnanambia nini mimi? Leo nishangilie maji ya kufulia?"

Hapo kicheko kikakatika, na hasira ikaingia yenyewe. Mtu mmoja akazitupa jezi chini. Mwingine akazikanyaga. Mimi nilisimama nyuma na penseli yangu, nasema moyoni: subiri watulie, utawaeleza habari za mwanga. Shangazi akatokea uchochoroni, buibui kalishika mkononi, wanawake wenzake nyuma yake.

"Nani kaamua?" akauliza.

"Bibi, tulia kwanza," alisema mwenyekiti.

"Nshatulia. Sare tumeshavaa msimu mzima, nyinyi mwageuka kama vinyonga bila ya kutwambia. Nakuuliza wewe. Nani kaamua?"

Mwenyekiti akanitazama. Mimi nikaitazama penseli.

"Wachezaji wenyewe, Bibi," akasema. "Nahodha ndiye aliyekuja kuniomba. Nami nikaona si vizuri kumvunja moyo."

Ulikuwa uongo wa mchana peupe. Nahodha hakuwapo. Saa ile alikuwa bandarini anapakia magunia ya karafuu. Alikuwa hamali, kama alivyokuwa baba yake. Baba huyo alikuja kutoka bara akiwa kijana, akaoa mtaani kwetu, akazikwa mtaani kwetu. Nahodha kazaliwa nyumba ya tatu kutoka yetu, na ndiye aliyenifundisha kuogelea, kwa kunitupa majini na kunicheka. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mwenyekiti alimtaja yeye. Nimepata sababu nyingi za kumtetea mwenyekiti, na zote nimezitupa. Alimtaja yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa rahisi kusingiziwa. Miaka ile ya siasa watu walikuwa wameanza kuulizana babu zao walitoka wapi, na waliochota maji bomba moja tangu utotoni wakaanza kupishana bila ya salamu.

Walipotawanyika, mwenyekiti alinivuta pembeni. "Wewe unangoja skuli," alisema. "Kule kwenye mambo ya elimu wananijua. Usijiharibie kwa ajili ya kitambaa."

"Naam," nikasema.

Hakuna neno nililolichukia maishani kama naam ile.

Nahodha aliporudi kazini alizikuta habari zimeshazunguka. Alicheka. "Mimi? Mimi hata rangi ya mlango wangu kachagua mke wangu." Hakuna aliyecheka naye. Akanigeukia: "Katibu, wewe ndiye unayekaa na mwenyekiti barazani. Nani kasema maneno haya?"

"Nitauliza," nikamjibu.

Nyumbani, shangazi alipakua wali na mchuzi wa pweza huku anasema peke yake. "Mtu wa kuja ni wa kuja tu. Hawezi kuwa na uchungu na chetu."

"Shangazi, yule kazaliwa hapa."

"Kazaliwa hapa, moyo wake uko kwao. Kula, mwanangu, usikonde kwa ajili yake."

Nikala. Nikaongezwa, nikala tena.

Jumapili tulicheza. Uwanja mzima uliwaona wachezaji wetu, hilo nalisema kwa uhakika. Hata kutoka barabarani ungewahesabu. Wanawake walikaa kwenye mikeka yao, mabuibui wameyashusha mabegani, na damu ya mzee imewajaa kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Kipindi cha pili nahodha alipokea mpira katikati, akawapita wawili, akapiga kwa mguu wake mtupu, ukucha wa kidole gumba umefungwa tambara. Goli.

Alikimbia moja kwa moja kwenye mikeka kama alivyozoea, akainamisha shingo.

Hakuna aliyeinuka. Wanawake wale, ambao wangemshangilia hata mbuzi akipita na mpira, waligeuza nyuso upande wa barabara. Yeye akabaki ameinama, mikono magotini, jasho linamdondoka puani. Nadhani alifikiri wanatafuta kanga ya kumvika. Kisha sauti moja ikatoka nyuma:

"Nenda kwenu wakakuvike!"

Sauti ile mpaka leo sijaijua ya nani. Kicheko kilichofuata nilikijua. Kilikuwa cha shangazi yangu.

Nahodha alinyanyuka taratibu. Alijifuta uso kwa upindo wa jezi ya samawati, akatembea, hakukimbia, mpaka katikati ya uwanja. Tulishinda goli moja kwa bila, na tukarudi Ng'ambo kama watu waliotoka kuzika.

Nilikasirika. Niliwakasirikia wale wanawake, nikamkasirikia mwenyekiti aliyekuwa amekaa kitini na kofia yake imenyooka, na zaidi ya wote nikamkasirikia mtu aliyekaa kando ya kiti kile, na daftari la katibu mapajani. Lakini hasira ya mtu mwoga ni kitu cha ajabu: inampandisha joto, haimwinui kitini. Jioni ile ile waliponambia niandike tangazo la mkutano wa Alhamisi, niliandika. Niliandika kwa wino, herufi kubwa, mstari umenyooka: AJENDA: KUMVUA UNAHODHA ALIYEUZA RANGI YA MTAA. Nikalibandika mwenyewe ukutani, nikarudi nyuma kuona kama linasomeka kwa mbali. Lilisomeka vizuri sana.

Ndizo siku nne zile. Nilijiambia nitamwandikia mwenyekiti barua. Niliandika tatu, nikazichana. Nilijiambia nitasema baada ya kupata skuli. Nilijiambia unahodha si kitu, ni kitambaa cha mkononi tu, na mwakani atachaguliwa tena.

Alhamisi mchana nilipita mlangoni kwa nahodha. Sikuwa nimekusudia, au labda nilikusudia na nikajificha nisijue. Vyungu vilikuwa nje, vimefungwa ndani ya shuka. Mkewe alikuwa anakunja chandarua.

"Kulikoni?"

"Tunahama," alisema nahodha. "Mke wangu kapata mahali Mpendae, kwenye mashamba. Kuna hewa."

"Kwa ajili ya jezi?"

"Jezi nshaizoea, yakhe. Kusema kweli usiku unamwona mwenzako." Akalisogeza furushi la vyungu ukutani. "Lile neno la Jumapili ndilo. Jana binti yangu kaniuliza, baba, kwetu ni wapi? Nimesimama hapa hapa, nimekosa la kumwambia. Kaburi la baba yangu nalionesha kwa kidole kutoka mlangoni, na nimekosa la kumwambia."

Sikumwambia kitu, hata pale. Lakini nilipoondoka sikufikiri tena, na kwangu mimi hilo lilikuwa jambo geni kabisa. Nilitia udhu, nikaswali Alasiri, nikaenda mkutanoni.

Baraza ilijaa mpaka njiani. Wanawake walikaa kwenye baraza ya nyumba ya mbele. Mwenyekiti akafungua kwa dua, akasema, "Katibu, tusomee ajenda."

Nikasimama. "Ajenda ni ya uongo," nikasema. "Nimeiandika mimi, na nilijua ni uongo nilipokuwa naiandika. Rangi niliichagua mimi. Nahodha hakuulizwa. Alizijua jezi hizi baada yenu nyote."

"Kafunzwa kusema huyo!" mtu akapaza sauti.

"Anamfichia mwenzake!"

"Kijana kachoka na kusoma," alisema mwenyekiti kwa upole. "Kaa kitako, mwanangu."

"Sikai. Nilikuletea kurasa mbili barazani kwako, ukasoma nusu. Waambie kama nasema uongo."

Mwenyekiti alivua kofia, akaipuliza vumbi ambalo halikuwapo, akaivaa tena. Baraza nzima ilimwona. Shangazi akavuka njia, wanaume wakampisha, akasimama mbele yangu.

"Wewe?"

"Mimi, shangazi."

"Na siku zote hizi ulikuwa unakaa jamvini kwangu, unanisikiliza namtukana mtoto wa watu?"

"Nilikuwa nakusikiliza."

Nilingoja kofi. Hakunipiga. Alisema kwa sauti ya chini, "Hunitaki mema wewe. Umeniacha nimcheke." Nyuma yetu watu walikuwa wameshaanza kumvamia mwenyekiti kwa maneno, na wengine kunitukana mimi, kizazi changu na cheti changu. Sikuwajibu. Nililiweka daftari la klabu kwenye kiti cha katibu, nikashuka barazani, nikaenda kwa nahodha. Nilisikia kandambili za shangazi zinanifuata.

Alikuwa anafunga kitanda juu ya gari la mkono. Nikamwambia, "Rangi niliichagua mimi. Mwenyekiti alikusingizia nami nimesimama pale pale, nikanyamaza. Tangazo pia nimeliandika mimi."

Hakugeuka. Aliendelea kukaza fundo, kama sikusema kitu. Majirani walikuwa wametoka milangoni, na shangazi kasimama nyuma yangu. Basi nikayasema tena yote, neno kwa neno, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa mtaa.