Usaha wa Bibi Minza

Bibi Minza wa Migato ana maswali mengi kuliko karani wa sensa. Jembe lilipomkata mguu kwenye palizi ya pamba, alipaka mavi ya ng'ombe kama alivyofundishwa na mama yake. Mguu ukavimba, naye badala ya kulia akataka kujua mle ndani kuna nini!

Aliyemkokota hadi zahanati ni binti yake Nyamizi, mjamzito wa miezi saba. Nyamizi mwenyewe hajawahi kuchanjwa. Mama yake aliuliza sindano ya wajawazito ni ya nini, akakosa wa kumjibu, basi ikaishia hapo.

Nesi Felisita alikamua jeraha, usaha ukatoka.

"Uchafu wote huu umetoka wapi?" akauliza Bibi Minza.

"Si uchafu, mayu, mama yangu. Ni maiti."

"Yesu wangu! Maiti za nani?"

Felisita akacheka, akaeleza. Vijidudu vya udongoni vikiingia kwenye kidonda, chembe nyeupe za damu hupiga mwano, yowe la hatari, kama sungusungu walioibiwa ng'ombe. Wenzao hukimbilia hapo, ndiyo uvimbe na joto. Huvimeza vijidudu, na wengi wao hufia papo hapo.

"Wanakufa kwa ajili yangu, nami nawafuta kwa kitambaa? Masikini weee! Na wanashinda siku zote?"

"Wapi! Kuna kijidudu cha pepopunda, kinakaa udongoni na kwenye mavi ya ng'ombe. Sumu yake tone tu inaua kabla askari hao wa damu hawajaijua. Chanjo ndiyo huwafundisha kuitambua mapema. Kwa mtoto mchanga hupitia kitovuni. Anafunga mdomo, hanyonyi, anakakamaa."

Bibi Minza akalitazama tumbo la Nyamizi. Vitovu vya watoto wote wa ukoo alivipaka yeye, kwa mavi makavu yaliyotwangwa. Hata cha Salu, kifungua mimba wake, aliyekakamaa kabla ya kumaliza wiki. Watu walisema karogwa, naye akaamini miaka yote.

"Huyu wa tumboni," akauliza kwa sauti ndogo, "naye ana askari?"

"Anao, ila hawajajua kitu. Mama akichanjwa, kinga yake humfikia mtoto."

Felisita alikuwa ameshavuta chanjo ya pepopunda kwenye sindano. Bibi Minza akaurudisha mkono wake ndani ya khanga, akaukamata wa Nyamizi na kuunyoosha mbele ya nesi.

"Mimi nitasubiri. Mchome huyu kwanza."